Rozari Tatu Hadi Kisimani

Blogu ya marehemu mume wangu ilikuwa kama stoo ya kigango: kila kitu kimo, hakuna kinachoonekana. Calist aliandika safari zake za baiskeli kwa miaka saba, na kila safari mpya ilipandishwa juu ya zile za zamani, gunia juu ya gunia. Mtu akitaka njia ya Mkiwa ilimbidi ashuke kwa kidole mpaka kidole kianze kuuma. Maandishi yalikuwa ya njano juu ya bluu, madogo kama yale ya karatasi ya ndani ya dawa. Na ukifungua tu, kabla hujasoma hata neno, kwaya inaanza kuimba.

Calist alikuwa katekista wa parokia yetu miaka thelathini na mmoja. Vigango alivyohudumia, yale makanisa madogo ya vijijini, viko mbali mbali, vingine kwenye mawe, vingine ndani ya vichaka, na vyote alivifikia kwa baiskeli moja nyeusi. Alipostaafu, miguu ilikataa kustaafu. Aliendelea kwenda. Akirudi anakaa mlangoni na daftari kubwa, anaandika alikopita, nani alimkaribisha, njia ikoje, na zaidi ya yote maji yako wapi: kisima, bomba, au nyumba ya mtu asiyemnyima mpita njia kata ya maji. Kisha anapeleka daftari steshenari kwa Rebeka, hapa hapa mtaani kwetu Utemini, Rebeka anachapa na kuweka mtandaoni. Waliipa jina Baiskeli ya Calist.

Kiharusi kilimchukua Kwaresima ya mwaka juzi. Baiskeli tulimpa katekista mpya. Nilidhani na blogu imezikwa, kumbe watu waliendelea kusoma. Mwalimu aliyehamishiwa kijiji cha mbali, mhudumu wa afya, muuza mitumba anayezunguka na mzigo nyuma, wote waliingia humo kutafuta maji, na wakitoka waliacha maneno: Mzee, kile kisima bado kipo? Mzee hajibu, maana yuko makaburini, na mimi sikujua kama kuna mtu anauliza.

Rebeka ndiye aliyenieleza. Alinikuta naanika vitambaa vya altare, kazi ninayoifanya tangu nilipofiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mama, ile blogu ya mzee inasomwa mpaka leo. Ila watu wanaingia wanapotea. Hata mimi niliyeichapa napotea humo. Twende tukaipange."

"Mimi na darasa langu la saba nitapanga nini kwenye kompyuta?"

"Kompyuta niachie mimi. Wewe unamjua mzee."

Nilikwenda siku tatu mfululizo, mchana. Nilikaa kwenye kigoda pembeni yake, kati ya mashine ya fotokopi na mafaili ya wanafunzi, feni ikitupulizia joto lile lile. Sitasema uongo, ilinichosha. Kila jambo aliniuliza. Rangi gani? Herufi ziwe kubwa kiasi gani? Nikamwambia aweke nyeusi juu ya nyeupe, kama kitabu cha sala, na ukubwa wa kusomwa na mtu wa umri wangu asiye na miwani. Picha ambazo zilikuwa zinakula bando la watu akazipunguza. Juu kabisa akaweka milango, ndivyo nilivyoiita mimi: mlango wa Njia, mlango wa Maji, mlango wa Mafundi wa baiskeli, mlango wa Maoni. Akaweka na kidirisha cha kuandika jina la mahali, ukiandika Mkiwa inakuja Mkiwa peke yake.

"Kwaya je?" akauliza.

"Kwaya ina nini?"

"Mama, mtu anafungua ofisini kimya kimya, mara Aleluya! Bosi anageuka."

Calist aliipenda kwaya ile. Nilikaa nayo kidogo moyoni, kisha nikasema, "Itoe."

Siku ya tatu tukafika kwenye jedwali. Rebeka alitaka njia zote kumi na mbili ziwe kwenye jedwali moja: unatoka wapi, unakwenda wapi, umbali, maji yalipo. Mtu aone kwa jicho moja, asisome hadithi ndefu. Hapo akakwama.

"Mama, kila mahali mzee ameandika rozari. Toka njia panda ya Mkiwa hadi kisima cha mzee Isaka, rozari tatu. Huu ni umbali gani sasa?"

Nikacheka. Rebeka ni mlokole, rozari ameiona tu shingoni mwa watu. Nikamweleza kwamba rozari ni sala ya matendo matano, kila tendo lina Baba Yetu moja na Salamu Maria kumi, na Calist aliisali akiwa juu ya baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye punje. Saa hakuwa nayo. Alijua amefika wapi kwa kujua amesali kiasi gani.

"Sisi tunaomba mpaka tuchoke," Rebeka akasema. "Hatuhesabu."

"Ndiyo maana hamjui mmefika wapi."

Akacheka mpaka akafunika mdomo. "Haya mama, umenipata. Lakini msomaji wa leo anataka kilomita. Rozari moja ni kilomita ngapi?"

Nilijua jibu, au nilidhani najua. Miaka ile ya mwanzo, kabla ya watoto, Calist alikuwa akinibeba kwenye keria tukienda kigango cha barabara kuu, ambako kuna vile vibao vya kilomita. Rozari moja ilitupitisha vibao vinne. Jua lilikuwa limeshuka mlangoni, mgongo unaniuma kwa kile kigoda, na nilikuwa nawaza vitambaa vyangu nilivyoviacha kwenye kamba.

"Andika nne," nikasema.

"Zote?"

"Rozari ni rozari. Andika nne."

Nilisema kama mtu anayeitikia amina kabla sala haijaisha. Rebeka akazidisha. Rozari tatu zikawa kilomita kumi na mbili. Hadithi za Calist akaziweka nyuma kabisa, kwenye mlango wa mwisho alioupa jina Kumbukumbu. Blogu ikawa safi kama sakristia siku ya Pasaka. Niliitazama, na kwa kweli nilifurahi, nikaenda nyumbani kulala.

Yale yalikuwa mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi huku kwetu jua halina huruma, mito yote ni mchanga, na mtu haendi popote bila dumu. Jumatatu moja Rebeka alikuja kwangu bila kutabasamu. Hakukaa. Alinipa simu nisome mwenyewe, kwenye mlango wa Maoni.

"Mimi ni Philipo, mwalimu wa shule ya msingi hapa Mkiwa. Jumamosi nimekwenda kwa baiskeli kumtembelea mke wangu ng'ambo ya vilima. Nilibeba chupa moja kwa sababu mmeandika kilomita kumi na mbili kuna kisima. Nimefika kilomita kumi na mbili, hakuna kisima, hakuna nyumba, hakuna mtu. Nimezunguka vichakani saa nzima. Nikageuza kurudi, nikaanguka njiani, wafugaji wamenipa maji ya ng'ombe wao, na jana nilikuwa zahanati ya hapa Mkiwa nimewekewa dripu. Ndugu wasafiri, msiamini blogu hii. Huyu mzee Calist alikuwa mwongo."

Nilisoma mara mbili. Neno la mwisho nililisoma zaidi ya mara mbili.

Calist alikuwa na mapungufu yake. Alikuwa mkaidi, alikoroma, alisahau siku za watu kuzaliwa. Lakini uongo, hapana. Mtu aliyewafundisha watoto wa nusu ya wilaya hii amri ya nane, sasa ameitwa mwongo mahali ambapo dunia nzima inasoma, na hana mdomo wa kujibu.

"Nilifute?" Rebeka akauliza. "Nafuta sasa hivi. Na ukurasa wa maji wote nautoa, tubaki na picha tu. Picha hazimkaushi mtu."

"Usifute."

"Mama, linakuumiza."

"Limemuumiza zaidi yeye. Huyu kijana kaanguka njiani. Labda kisima kimefukiwa. Labda Calist alikosea. Mimi sijui, na wewe hujui. Kwanza nikamwone."

Jumamosi nikapanda basi la asubuhi mpaka Mkiwa. Nilibeba daftari la njia ile, rozari yangu, na kuku jike mmoja, maana huwezi kwenda kumpa mtu pole mikono mitupu. Daftari sikulifungua. Nilikuwa ninaogopa kuona mwandiko wake na neno lile bado liko kichwani.

Philipo alikuwa nje ya nyumba ya walimu anajaza baiskeli upepo. Kijana mrefu, mkavu, midomo bado ina magamba. Nilipomtajia jina langu alisimama na pampu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Mimi ndiye mke wa yule uliyemwita mwongo."

Alitazama chini. Kisha akainua uso, na nilimheshimu kwa hilo. "Mama, pole kwa msiba wako. Sikumjua mzee. Lakini sikuandika kwa hasira tu. Niliandika nilichokiona. Kilomita kumi na mbili nilipima kwa simu. Hakuna kitu pale."

"Sijaja kukukatalia. Nimekuja kukupa pole, na kuona."

"Kuona nini?"

"Unipeleke mpaka hapo."

Akanitazama toka kitambaa cha kichwani mpaka kandambili. "Kwa bodaboda?"

"Kwa baiskeli. Bodaboda haiwezi kusali rozari, inakwenda mbio mno. Nitakaa kwenye keria. Mume wangu alinibeba hivyo, na sikuwa mwepesi."

"Mama, una miaka mingapi?"

"Sitini na tatu. Wewe ndiye mgonjwa, mimi mzima. Kama huwezi sema."

Hilo lilimchoma. Akaingia ndani akatoka na madumu mawili ya lita tano, akayafunga ubavuni, kuku akamkabidhi jirani. Nilikunja khanga mara nne nikaiweka kwenye keria, nikakaa upande upande kama zamani. Viungo vyangu vilipiga kelele. Philipo aliwasha simu yake ipime umbali, akaifunga kwenye usukani kwa mpira wa tairi.

Tulipoacha lami tu, pale njia panda, nikafanya ishara ya msalaba nikaanza. Ilikuwa Jumamosi, matendo ya furaha. Nilisali kwa sauti, kwa mwendo wa Calist, ambao ni mwendo wa mtu anayevuta pumzi kati ya Salamu Maria na Maria Mtakatifu. Philipo ni wa kanisa jingine, hakuitikia, ila alinyonga taratibu, na baada ya muda niliona miguu yake inafuata maneno. Barabara ilikuwa ya tifutifu jekundu. Vichaka pande zote vimekauka, mbuzi wanatafuna fimbo tupu.

Rozari ya kwanza ilipoisha nikauliza, "Simu inasemaje?"

"Kilomita nne na kidogo."

Moyo ukatulia. Basi hesabu yangu ilikuwa sahihi. Na kama hesabu yangu ni sahihi, aliyekosea ni Calist. Nilianza rozari ya pili bila furaha yoyote katika matendo yale ya furaha.

Katikati ya rozari hiyo tukafika kwenye kilima wanachokiita Mawe Mawili. Si kilima cha kutisha ukikitazama, lakini ni kirefu na njia yake ni mchanga na kokoto. Philipo alijaribu kunyonga, gurudumu likazama, akashuka. Mimi nikashuka. Akaanza kusukuma. Mimi nikashika keria kwa nyuma nikasukuma naye, kichwa chini, jasho linaingia machoni. Tulikwenda hivyo muda mrefu. Tulipofika juu tukakuta upande wa pili ni mkali na una makorongo, tukashuka kwa miguu, yeye anazuia baiskeli isimkimbie.

Huku tunashuka akageuka.

"Mama, mbona umenyamaza?"

"Nimenyamaza?"

"Tangu chini kule. Ulikuwa unasali, tuliposhuka kusukuma ukanyamaza. Umechoka? Tupumzike?"

Nilitazama mkono wangu. Rozari nilikuwa nimeivuta mpaka kwenye kifundo, kama bangili, na kidole gumba kimeshika punje ile ile niliyoishia chini ya kilima. Sikuwa nimeamua kufanya hivyo. Mkono ulifanya wenyewe, kwa mazoea ya miaka thelathini na tano iliyopita.

"Hatusali tukisukuma," nikasema.

"Nani kasema?"

"Calist."

Nikakaa pale pale kwenye jiwe, si kwa kuchoka. Nilimkumbuka akiwa kijana, shati limemganda mgongoni, na mimi nikiwa msichana mjinga nyuma yake naendelea na Salamu Maria huku tunasukuma. Akanikatiza: "Luciana, acha. Mtu anayesukuma baiskeli anawaza baiskeli. Mungu si wa kutupiwa maneno. Tutaendelea tukishapanda baiskeli." Na kila kilima baada ya hapo tulipita kimya, rozari ikiwa kwenye kifundo cha mkono.

"Mwalimu," nikasema, "vilima hakuvihesabu."

"Sikuelewi, mama."

"Rozari tatu ni zile za kunyonga tu. Kilima hakimo. Kupanda hakumo, kushuka kwa miguu hakumo. Simu yako imehesabu kilima. Yeye hakukihesabu."

Philipo aliitazama simu, akatazama kilima nyuma yetu. Ni mwalimu wa hisabati, nilijua baadaye. Midomo yake ilitembea kidogo. "Hiki kilima peke yake ni kilomita nne na nusu," akasema polepole.

"Panda tuendelee."

Alipanda, nikakaa, nikashika punje ile ile nikaendelea. Tukafika kwenye mgunga mmoja umeinama kando ya njia, Philipo akafunga breki.

"Hapa ndipo. Kumi na mbili kamili. Chini ya mti huo nilikaa." Chupa yake ya plastiki ilikuwa bado imelala pale, imepondwa na kwato za ng'ombe. Pande zote kimya. Nilielewa kwa nini mtu angemwita mwenzake mwongo mahali kama pale.

"Bado rozari moja na ushee," nikasema.

"Na kama hakuna?"

"Kama hakuna, nitaandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu kwamba alidanganya. Twende."

Nilisali rozari ile kwa hofu. Namwomba Mungu anisamehe, sikuwa nawaza kupashwa habari kwa Maria wala kuzaliwa kwa Yesu Betlehemu, nilikuwa nachungulia pembeni ya mgongo wa kijana kutafuta paa la bati, kuku, moshi, chochote. Tendo la tatu, hakuna. La nne, hakuna. La tano nikalisali polepole makusudi, nikajikemea, nikarudi kwenye mwendo wa Calist. Ikaisha. Nikasema Atukuzwe Baba ya mwisho, na mbele yetu kulikuwa na vichaka tu.

Philipo alinyonga. Mimi nikaanza Salamu Malkia, sala ya kufungia. Njia ikapinda kushoto, na kwenye kona yakatokea madumu ya njano yamepangwa foleni, na mwanamke mmoja ameinamia kamba.

Nilishuka kabla baiskeli haijasimama, nikaanguka magoti yote mawili. Watasema nilipiga magoti. Nilianguka.

Mwanamke yule aliitwa Sikudhani, mke wa mtoto wa mzee Isaka. Alituchotea kabla hatujaomba. Philipo alikunywa kata nzima, akajimwagia kichwani ya pili, akasimama anaangalia shimo lile la kisima kama anahesabu matofali yake.

"Mnatoka wapi na mama wa watu kwenye jua hili?" Sikudhani akauliza.

"Mkiwa," nikasema. "Ulimfahamu mzee mmoja, katekista, na baiskeli nyeusi?"

"Mzee wa rozari!" Akapiga kofi. "Ah, yule! Sisi si wa dini yenu, lakini tulimjua. Anafika hapo kwenye kona anasimama, kiu imemkausha kama ngozi, na bado anamalizia maneno yake. Hasogei mpaka amalize. Ndipo anasema hodi. Watoto walikuwa wanamwekea kata tayari wanamcheka. Yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia. Akaacha kamba, akanishika mikono yote miwili.

Philipo alikuja akachuchumaa mbele yangu. "Kumi na sita na nusu," akasema. "Nilibakiza kilomita nne na nusu, mama. Nikageuza nikarudi. Na nikamwita mwongo."

"Ulisoma nilichoandikisha mimi. Nne, nne, nne. Hata daftari sikufungua."

Ndipo nikalifungua, pale kisimani, mikono bado ina maji. Mwandiko wake umelala kulia kama mtu anayepanda mlima. "Toka njia panda hadi kwa mzee Isaka rozari tatu. Mawe Mawili tulisukuma, kupanda na kushuka, jasho mpaka machoni. Mwenye chupa moja asiende." Vyote vilikuwemo. Tulisukuma, yeye na baiskeli yake. Nilimpa Philipo asome. Alisoma, akafunga daftari taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili.

Zahanati anakofanya kazi Hana, mke wake, haikuwa mbali na pale. Alipopata habari alikuja kwa miguu, na gauni lake la unesi, mikono kiunoni.

"Leo umefika?" Hana akamwambia mumewe. "Mimi nilishazoea kuolewa kwa simu. Na huyu mama umemfanya nini, umembeba kama gunia la alizeti?"

"Yeye ndiye kanibeba," Philipo akasema.

Walinilisha ugali na mlenda, nikalala kidogo kwenye mkeka, na jioni nikapata lifti ya pikapiki ya mtu wa afya mpaka Mkiwa. Siku mbili sikuweza kukaa vizuri hata kanisani.

Jumanne nikaenda kwa Rebeka. Nilimsimulia yote, akashika kichwa.

"Haya, tuandike basi," akasema. "Kwamba kulitokea hitilafu ya kiufundi. Watu wote huandika hivyo."

"Hitilafu hiyo ilibatizwa nani?"

"Mama..."

"Ina jina. Andika ninavyosema."

Akaandika, na mimi nikasema polepole kama Calist alivyokuwa akisema: "Wasomaji wa Baiskeli ya Calist. Kilomita zilizokuwa hapa hazikuwa sahihi. Calist alihesabu barabara kwa rozari, na mahali alipotembea kwa miguu hakupahesabu, lakini aliandika wazi kwamba alisukuma. Aliyegeuza rozari kuwa kilomita bila kusoma daftari ni mimi, Luciana, mke wake. Mwalimu Philipo aliumia kwa kosa langu, naye amenisamehe. Njia ya Mkiwa imepimwa upya. Njia nyingine kumi na moja msizitegemee kwa maji mpaka zipimwe."

Rebeka aliweka maneno hayo juu kabisa, yawe ya kwanza mtu akifungua. Kilomita za njia zile kumi na moja akazifuta, akarudisha rozari kama zilivyokuwa. Kisha akafanya kitu ambacho sikumwagiza: kila mstari wa jedwali akaufunga na hadithi yake, ukibonyeza jina la kisima inafunguka safari nzima ya Calist, na jasho lake na milima yake. Akaongeza na kitufe kidogo pembeni.

"Hiki ni cha nini?"

"Kwaya. Haiimbi mpaka mtu apende."

Tukiwa bado tumekaa likaingia neno jipya kwenye Maoni. "Mimi Philipo niliyeandika juu. Kisima kipo. Kilomita kumi na sita na nusu, pamoja na kilima. Nimekunywa. Mzee alisema kweli."

"Sasa lile la kwanza tulifute," Rebeka akasema. "Amelisahihisha mwenyewe."

"Yaache yote mawili. Mtu aanze na la kwanza ndipo asome la pili."

Philipo amesema Jumamosi atakazokuwa huru atanipitia, njia moja moja, mvua zikichelewa. Sijui kama magoti yangu yatakubali njia kumi na moja. Kwa sasa nakaa mlangoni mchana, mahali pake, na madaftari na penseli. Natafuta neno moja tu, tulisukuma, nikiliona napiga mstari chini yake. Nimefika daftari la pili. Mpaka leo limetokea mara ishirini na mbili, na bado sijafika kwenye njia za milimani.